Umeme wa Kaka

Injini zetu za mlimani tuliziita Kaa, kama yule wa pwani mwenye magando. Asiyejua sababu angesimama karibu na mojawapo ikiwa imepumzika, aisikie inavyolia kwa sauti nzito ya chini, halafu aitazame ikiondoka, fito za pembeni zinazounganisha magurudumu yake zikipanda na kushuka mpaka mwili mzima unayumba huku na huku. Zilikuwa zimezeeka hata kabla mimi sijaajiriwa, na vijana waliokuja baadaye na injini mpya walizicheka. Waache wacheke. Mimi Mahadu Gaikar nimekula ujira wangu katika kiti cha kushoto cha Kaa, msaidizi wa dereva, na sijaona mashine nyingine inayomsema mtu alivyo kama ile.

Dereva wangu alikuwa Kashinath Bhoir. Kaka yake, Dharma Bhoir, naye alikuwa dereva wa Kaa katika mlima ule ule, kati ya Karjat kule bondeni na Lonavala kule juu. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba zao za reli zikichota maji bomba moja, na hawakusemeshana. Tuseme ukweli, Dharma ndiye hakusema. Kashinath alimsalimia kila siku, "Kaka, shikamoo," na Dharma alipita akitazama mbele kana kwamba aliyesalimia ni nguzo ya umeme.

Sababu ilikuwa moto wa baba yao. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayewasha kuni za kuchomea maiti ya baba yake, na hilo halina mjadala. Mzee Bhoir alifariki katikati ya mvua za Julai, wakati Dharma yuko mlimani na treni, mawe yameporomoka relini na ishara zote zimefungwa. Walimngoja. Kuni zikaanza kulowa, wazee wa ukoo wakapiga kelele kwamba maiti haiwezi kulala hivyo, na mwishowe wakampa Kashinath kijinga cha moto. Dharma alifika jioni akakuta majivu. Alisema maneno machache tu mbele za watu, "Umeniibia baba," na tangu hapo akafunga mdomo.

Mimi ningekuwa Kashinath ningenuna vilevile, tukomoane. Yeye hapana. Kila Diwali, sikukuu yetu ya taa, mkewe alipika vitamutamu, akavifunga kwenye kitambaa, Kashinath akavipeleka mwenyewe mlangoni kwa kaka yake, na kila Diwali kitambaa kilirudi fundo lake halijafunguliwa. Alichokitaka katika dunia hii kilikuwa kimoja, kaka yake amwite mdogo wangu. Nilimwambia mara nyingi kwamba anajidhalilisha. Alinijibu kwamba yule si mtu baki.

Sasa lazima niseme kidogo jinsi Kaa alivyoendeshwa, maana ugomvi huu ulihamia ndani ya mota.

Kaa haendeshwi kwa pupa. Umeme wa waya wa juu ni mwingi mno kwa mota iliyosimama, ukiumwaga wote mara moja unaikaanga. Kwa hiyo mota nne zinaanza zikiwa zimeunganishwa foleni moja ili zigawane, na mbele yake kuna rezista, vyuma vya kumeza umeme wa ziada na kuutoa kama joto. Dereva anasogeza mkono wa kuongozea jino moja, anangoja mshale wa ampea ushuke, anasogeza jino jingine, na kila jino linaondoa rezista kidogo mpaka zimekwisha. Hapo anapumzika. Akitaka mwendo zaidi anaziunganisha mota mbilimbili, anaanza upya na rezista. Sheria ya kwanza, ambayo kila mwanafunzi alipigiwa makelele nayo, ni kutokaa kwenye rezista. Ni mahali pa kupita. Ukikaa zinawaka.

Kushuka ndiko kulikuwa na utamu wake. Mota zile zile unazigeuza zizalishe umeme. Uzito wa treni unazizungusha, zenyewe zinagoma, na kugoma kwake ndiko kunakoshika treni isikimbie. Umeme unaozaliwa unarudi kwenye waya. Lakini lazima awepo wa kuula. Vituo vya umeme vya bondeni siku zile vilijua kutoa, kupokea havikujua. Ikiwepo treni inayopanda, inaula, na anayeshuka anateremka taratibu bila kugusa breki za mabehewa. Isipokuwepo, volti zinapanda, swichi ya kinga inaruka, na anayeshuka anabaki na vile vyuma vinavyobana magurudumu tu. Njia ya kupanda na ya kushuka zilikuwa mbili, ila waya zake zililishwa pamoja.

Basi mlimani kwetu anayeshuka alimlisha anayepanda, na tulisema hivyo hivyo kwa mdomo: leo fulani kanilisha vizuri. Ukiwa unapanda ulimwona kwenye mita ya volti. Mshale uliinuka kidogo, Kaa akachangamka, ukajua huko juu kuna mwenzako anateremka na kukupa.

Kashinath alijua zamu za kaka yake kuliko alivyojua zake. Tukiwa tunapanda na Dharma anashuka, jicho lake lilikuwa kwenye ule mshale. Mshale haukuinuka hata siku moja. Nilidhani ni bahati tu, mpaka Tulsiram, msaidizi wa Dharma, aliponifumbua macho kantini ya Karjat, tukinywa chai na kula vada pav, mkate uliotiwa kababu ya viazi.

"Mahadu," akaniambia kwa sauti ya kusikiwa na meza zote, "hivi bosi wako hashindi na njaa?"

"Njaa ya nini?"

"Si wangu amemnyima chakula! Akijua mnaopanda ni nyie, umeme hatii, mota hazigeuzi. Tunashuka na vyuma vya breki mwanzo mwisho. Tukitoka handakini tunanuka kama jiko la mhunzi."

"Acha kutia chumvi."

"Haki ya Mungu! Juzi nikamwambia, mzee, tia umeme, utatuua. Akanijibu, yule alishaninyang'anya baba, umeme wangu hataula."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikamwona Kashinath amesimama mlangoni na glasi ya chai mkononi. Alikuwa amesikia lote. Aliiweka glasi juu ya meza ya karibu, chai haijaguswa, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwenye injini. Hasira zilikuwa zimenipanda, na si kwa ajili yake tu. Treni nzito kushuka mlima ule na vyuma peke yake ni wazimu. Vyuma vikipata moto sana havishiki tena, vinateleza tu.

"Kashinath, kamwambie msimamizi Sathe."

"Nikamshtaki kaka yangu?"

"Ataua mtu yule!"

"Nikimshtaki atamwaga unga. Atakula nini na watoto wake?"

"Afadhali amwage unga kuliko amwage treni."

"Atachoka, Mahadu. Hasira zake nazijua tangu tunalala mkeka mmoja. Atachoka tu."

Nikamwambia kwamba yeye na kaka yake wote vichwa maji. Hakubisha. Tukapanda zetu, na mshale ukalala pale pale.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, kabla ya mvua, mawe ya mlimani yanachoma hata kupitia soli. Tulikuwa tunapanda na mabehewa matupu. Juu kidogo ya kituo cha Thakurwadi tukakuta mkono wa ishara umefungwa, maana mbele kulikuwa na mafundi wanabadilisha reli. Tukasimama. Kaa akaanza kulia ule mlio wake. Mimi nikafungua kitambaa changu, nikatoa bhakri, mkate wetu wa mtama, na pilipili ya kutwanga, nikamkatia Kashinath kipande. Hakukichukua. Alikuwa anatazama mita.

"Mahadu! Hebu ona!"

Mshale wa volti ulikuwa unainuka.

"Ni nani anashuka?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kaka. Na treni ya sukari ya Pune. Anatulisha, Mahadu! Ameanza kutulisha!"

Nilimwona uso wake, na sitausahau, mtu mzima mwenye mvi anafurahi kama aliyepewa peremende. Halafu furaha ile ikamkauka usoni. Sisi tulikuwa tumesimama. Hatukuwa tunakula chochote. Mshale ulizidi kupanda, ukapita mahali ambapo haupaswi kupita, kisha ukaanguka ghafla.

"Swichi yake imeruka," Kashinath akasema.

Muda si muda tukasikia honi kutoka juu, kule ndani ya mahandaki. Fupi, fupi, fupi, bila kukoma. Kwa lugha ya mlimani maana yake ni moja: nimeshindwa kuizuia.

Hakuwa ametulisha kwa mapenzi. Vyuma vyake vya breki vilikuwa vimekwisha, na umeme ulikuwa ndiyo tegemeo lake la mwisho, na wa kuula hakuwepo. Chini yetu, pale Thakurwadi, kila treni inayoshuka ni lazima isimame kabisa, kwa sababu njia imetegwa daima kuelekea kilima cha mchanga. Ukisimama wanakufungulia njia kuu. Usiposimama unaingia mchangani, na treni ya sukari kwa mwendo ule, mabehewa ya nyuma yangewapanda Dharma na Tulsiram kabla mchanga haujaishika.

"Kaza breki zote," Kashinath akaniambia.

"Zimekazwa."

"Na ya mkono."

Nikazungusha gurudumu la breki ya mkono mpaka mishipa ikanitoka. Nilipogeuka nikamwona ameshika mkono wa kuongozea.

"Unafanya nini? Ishara imefungwa!"

"Siendi popote. Nataka kula tu."

Akasogeza jino la kwanza. Kisha la pili. La tatu. Mota zinataka kuzunguka, breki zimezikamata, umeme wote unaingia kwenye rezista na kwenye mota zilizosimama. Ndilo jambo tulilokatazwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Kaa aliacha kulia akaanza kutetemeka. Bila shaka Dharma kule juu alikuwa amerudisha swichi yake na kujaribu tena, kwa sababu mshale wa volti uliinuka mara ya pili. Safari hii ulifika juu ukasimama, unacheza kidogo, haujaanguka.

"Umeshika," Kashinath akasema. Akaongeza jino jingine.

Nyuma ya ukuta wetu rezista zilikuwa zimeshakuwa nyekundu. Rangi ya ukuta ikavimba, ikaanza kubanduka. Harufu ya mota inapoungua ni mbaya, inakaa kooni siku nyingi.

"Toa mkono, Kashinath! Tunaungua!"

"Bado."

"Mota zinakufa!"

"Bado, Mahadu. Shuka wewe kama unaogopa."

Niliogopa sana, sina haja ya kujisifu. Nikang'ang'ania gurudumu la breki ya mkono.

Treni ya sukari ikatoka handakini. Kila gurudumu linatoa moshi. Ilikuwa inakimbia, lakini si mwendo niliouogopa, na ilizidi kupungua jinsi ilivyotukaribia. Tulsiram alikuwa ananing'inia kwenye breki ya mkono ya injini yao. Dharma alikuwa kwenye kiti chake. Alipopita sambamba nasi aligeuza uso, akamwona Kaa wetu amesimama, ishara imefungwa, moshi unatoka kila tundu, na mdogo wake mkono juu ya meno ya rezista. Dereva wa Kaa haelezwi jambo kama hilo.

Kashinath hakuachia. Alingoja behewa la mwisho lipite, akangoja tena mpaka mshale ukashuka wenyewe, polepole, kama mtu anayekaa kitini. Maana yake kule chini Dharma alikuwa amesimama. Ndipo akarudisha mkono. Kitu kikapasuka nyuma yetu kwa kishindo, moto ukatoka, na mimi nikakimbilia ndoo za mchanga huku namtukana yeye, kaka yake, na ukoo mzima wa Bhoir.

Asubuhi iliyofuata msimamizi Sathe alisimama mbele ya Kaa wetu kwenye karakana ya Karjat. Madereva waliokuja kubadilishana zamu walikuwa wamekusanyika, kama kawaida ya watu wanaponusa msiba wa mwenzao. Rezista zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Mota mbili zilikuwa za kutupa.

"Kashinath," Sathe akasema, "ulikuwa umesimama kwenye ishara. Hata mwanafunzi hafanyi hivi. Nieleze."

"Niliusahau mkono, bwana. Nilikuwa nakula."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikafungua kinywa kusema, akanikanyaga mguu kwa kiatu chake cha kazi, akanikanyaga hasa.

"Uliusahau," Sathe akarudia. "Na Mahadu? Naye alisahau pua yake?"

"Mahadu alikuwa nje. Alikuwa anakagua magurudumu."

Uongo mtupu! Alinishusha kwenye injini yangu mwenyewe mbele za watu ili lawama isinifikie. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, yote mawili kwa pamoja.

"Basi mlimani hupandi tena," Sathe akasema. "Utasukuma mabehewa yadini mpaka ustaafu."

Kicheko kikakatika. Kwa dereva wa mlima, yadi ni kuzikwa ukiwa hai, na kila mmoja pale alilijua hilo. Kashinath aliinamisha kichwa tu. Akasema, "Sawa, bwana."

"Hakusahau."

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Wengi wetu tulikuwa hatujaisikia sauti hiyo ikimtaja Kashinath kwa miaka. Dharma akapenya katikati, kofia mkononi.

"Hakusahau kitu, bwana Sathe. Alikuwa anakula umeme wangu. Breki zangu ziliungua, na niliziunguza mwenyewe. Akipanda huyu, mimi nashuka na vyuma tu, makusudi, ili asipate kitu kitokacho kwangu. Jana vikaisha. Nikatia umeme, swichi ikaruka. Nikatia tena, ukashika. Nikasema Mungu ameniona. Nikapita pale nikamkuta ni yeye, amesimama anaungua."

"Dharma," Sathe akasema taratibu, "unaelewa unachokisema?"

"Naelewa. Yadini nipeleke mimi."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Mambo ya nyumbani."

Sathe akatufukuza wote, kila mtu na kazi yake. Dharma alihamishiwa yadi kuanzia siku ile ile. Kashinath aliachiwa mlima, na karipio juu yake.

Sikwenda kwenye kazi yangu. Niliwafuata ndugu wale mpaka nyuma ya karakana, kwenye kivuli cha tangi la maji, na wala sikujificha. Nilikuwa nimeungua kwa ajili yao, nilikuwa na haki ya kusikia.

Dharma ndiye aliyeanza.

"Wewe ni mjinga wa namna gani? Ungekufa mle ndani."

"Kaka, siku ile ya baba, mimi sikutaka—"

"Nyamaza. Ngoja niseme, nikinyamaza tena sitasema." Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Siku ile nilikuwa nimesimama kwenye ishara ile ile yako ya jana. Habari ya baba niliipata asubuhi. Ile njia ya wachunga mbuzi inashuka mpaka Karjat, ningefika mchana. Msaidizi wangu aliniambia, nenda, treni nitailinda mimi. Nikaogopa. Dereva akiacha treni anafukuzwa. Nikakaa kitini nikingoja ishara, na wewe unaningoja na kuni zinalowa. Hukuniibia kitu. Mimi ndiye sikuja. Na jana wewe hukuogopa kufukuzwa kazi."

Kashinath alikuwa analia, hafuti hata machozi.

"Najua, kaka," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hukushuka. Ile njia ya mbuzi wakati wa mvua ni tope jekundu mpaka magotini. Ulipofika pale kwenye majivu nilikutazama miguu. Viatu vyako vilikuwa safi."

Dharma akaacha kuizungusha kofia.

"Ulijua tangu siku ile? Miaka yote hii nakutukana, nakurudishia chakula chako, na hukunitamkia?"

"Ningekutamkia nini, kaka?" Kashinath akasema. "Ulikuwa umefiwa na baba."